Picha Sita za Yungiyungi

Tarehe 3 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Ni mimi, Kifutio. Sura yangu huenda umeisahau, lakini jina ulilonibandika mwenyewe huwezi kulisahau: yule msichana aliyekuja siku ya kwanza ya darasa la rangi za maji na kifutio kipya mfukoni, ukakichukua, ukakitupa dirishani, ukasema kwenye rangi za maji hakifutwi kitu. Miaka kumi na tisa imepita. Sasa nachora ramani katika ofisi ya ardhi, ghorofa ya tatu, meza ya karibu na choo, na huku kwetu tunafuta kutwa nzima.

Sikuandika ili nikuchekeshe. Jana limepita mezani kwangu faili la bwawa letu. Kampuni moja inataka kulifukia ijenge maghala, na nimeambiwa nichore mistari ya viwanja pale pale ulipokuwa ukitukalisha juu ya magunia na kumfokea kila aliyekuja na maji ya bomba. "Bwawa lichorwe kwa maji ya bwawa," ulikuwa unasema. Nilishika rula, mkono ukakataa.

Kuna kanuni moja tu inayoweza kuwazuia. Ikithibitika kwamba yungiyungi la buluu limechanua mahali pamoja miaka kumi mfululizo, mahali hapo hapajengwi. Ua lenyewe, unajua kuliko mimi, huchanua wiki mbili tu za Juni, na kamati inakaa tarehe 20 Aprili. Hakuna mtaalamu atakayeliona kabla ya hapo. Lakini wewe umelichora kila Juni tangu sijazaliwa, kila picha na tarehe yake, na yale maneno yako ya pembeni: "Mbele ya macho." Naomba picha za miaka kumi ya mwisho. Nitasimama nazo mwenyewe mbele ya kamati. Mkuu wangu wa kazi hajapenda, ila hajakataa.

Msalimie sana Shangazi. Bado naikumbuka chai yake, nyepesi kama maji ya kuoshea brashi.

Mwanafunzi wako,
Kifutio

*

Tarehe 11 Machi

Kifutio mwanangu,

Marahaba. Dada yangu nimemsomea sehemu ya chai na amesema uje umwambie machoni. Jiandae.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Kulifukia bwawa! Hao watu wanajua yule ndege mdiria analala wapi? Wanajua vyura wa pale wana sauti mbili, ya kabla ya mvua na ya baada? Nimefundisha watoto wa mtaa huu miaka thelathini na minne, na nusu ya yote niliyowafundisha nilijifunza mimi kwanza, nimechuchumaa kwenye yale matete, miguu imelowa.

Nakutumia picha nne. Ni nzuri, zikinge na jua. Hizo sita nyingine zina shida kidogo. Kabati limeingia unyevu na baadhi ya karatasi zimeshikana. Halafu nikifikiri vizuri, kwani kamati haina wataalamu wake? Mzee mmoja na brashi yake ni ushahidi gani? Waombe wasogeze kikao mpaka Juni, waje waone wenyewe. Hilo ndilo la haki.

Nakusikia unachora ramani. Nafurahi, ingawa rula ni chombo cha watu wasioamini mikono yao.

Mwalimu wako

*

Tarehe 19 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Picha nne zimefika salama. Nimezitandaza mezani, na wenzangu wameacha kazi zao kuja kuangalia. Ile ya mwaka wa mvua nyingi ina mbu aliyekauka ndani ya rangi ya anga, mzima na mabawa yake. Mhasibu alitaka kumbandua kwa ukucha nikampiga mkono.

Lakini nne si kumi. Niliomba kikao kisogezwe mpaka Juni, wakanicheka. Kampuni ina haraka na kamati ina haraka ya kuifurahisha kampuni. Bila hizo sita tumekwisha. Kama zimeshikana, zitume hivyo hivyo. Mimi nitazibandua kwa mvuke, ulitufundisha.

Mwalimu, samahani kwa kukusukuma. Nimeshawaambia kumi zipo. Nimeliweka jina langu mbele.

Kifutio

*

Tarehe 30 Machi

Kifutio,

Hizi hapa sita. Hazikuwa zimeshikana.

Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujazipeleka popote, kaa nazo penye mwanga mzuri, peke yako, uziangalie kama nilivyokufundisha kuangalia. Usiwe na haraka. Ukiona hazifai, zirudishe, wala sitauliza kwa nini.

Mwalimu wako

*

Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Mwalimu wangu,

Tumeshinda! Au tumekaribia sana. Niliingia na picha zote kumi, nikazipanga ukutani kwa miaka yake, wajumbe watano wakainuka vitini kuja kuzitazama. Mwanasheria wa kampuni akauliza nitajuaje kama hazikuchorwa sebuleni. Nikala kiapo. Nikasema nimekaa na mchoraji huyu kwenye matope, hajawahi kuchora asichokiona, na kila moja ya picha hizi imechorwa ukingoni mwa bwawa, mbele ya ua lenyewe. Akaketi.

Kampuni imesimamishwa. Uamuzi wa mwisho utasomwa Julai, lakini mwenyekiti mwenyewe amenipa mkono. Ofisini sasa wananiita Mama Bwawa.

Uliniambia niziangalie vizuri. Niliziangalia. Ni nzuri mno, zote.

Furahi basi Mwalimu, na uniandikie.

Kifutio

*

Tarehe 5 Mei

Kwako binti yangu Kifutio,

Hii ni mimi Shangazi, naandika mwenyewe kwa hiyo vumilia mwandiko. Ndugu yangu hajui, yumo chumbani.

Kwanza ahsante kwa kuliokoa bwawa. Mtaa mzima umesikia. Mwenye duka ameibandika habari yako mlangoni, chini ya tangazo la sabuni.

Ila nakuuliza wewe msomi, hivi mtu akiletewa habari njema ndiyo anaacha kula? Tangu barua yako ifike huyu mzee hashiki brashi. Chakula anakizungushazungusha kwenye sahani. Nikimuuliza anasema goti. Goti nalijua mimi! Ndilo lililomweka ndani miaka sita hii, tangu alipoteleza kwenye tope la bwawani na kurudishwa amebebwa. Hajavuka lango tangu siku ile, daktari akija anakuja yeye. Lakini goti halijawahi kumzuia kula, wala halikumzuia kuchora. Kila Juni alikaa hapa mezani jikoni na bilauri yake ya maji, na mimi nikihama na masufuria yangu, anachora lile ua lake vizuri kabisa kama analiona. Nilikuwa namwambia, wewe una kichwa!

Basi muandikie umchangamshe. Alikupenda wewe kuliko wanafunzi wote, ingawa chai yangu uliisema.

Shangazi yako

*

Tarehe 14 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Shangazi ameniandikia. Usimgombeze, hajui alichosema. Amenieleza goti, miaka sita, na meza ya jikoni.

Sasa sikiliza na langu, maana nisipolisema leo sitalisema tena. Nilikuwa najua. Zile sita nilizitandaza dirishani siku zilipofika, na haikuchukua dakika. Maji ya bwawa yana udongo. Yakikauka huacha vumbi jembamba ndani ya rangi, hasa kwenye buluu, na zile nne za kwanza zimejaa vumbi hilo mpaka ukipitisha kidole unalisikia. Zile sita ni safi kama kioo. Ni maji ya bomba. Hakuna mbu, hakuna tone la mvua, hakuna alama ya dole la tope. Uliniomba niziangalie nikaelewa kwamba ulikuwa unaniomba nikukamate, na mimi sikutaka. Nilizifunga, nikaenda kula kiapo.

Sijui kwa nini hasa. Kwa ajili ya bwawa, ndiyo. Lakini pia sikuweza kuliona jina lako likisomwa mbele ya watu wale na mtu anacheka. Sikutaka hata wewe ujue kwamba nimeona.

Nakuomba, Mwalimu, nakupigia magoti. Nyamaza. Hakuna ajuaye ila sisi wawili. Ua huenda lipo pale pale, nani anasema halipo? Ukizungumza bwawa linakwenda, na mimi niliyekula kiapo namwaga unga. Nina watoto wawili. Nyamaza mpaka Julai tu.

Kifutio

*

Tarehe 16 Juni

Kifutio,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri Juni.

Jumamosi nilimwomba jirani yangu seremala anipakie kwenye mkokoteni wake wa mbao. Shangazi yako alitembea nyuma na mwavuli, akimsimanga seremala kwa kila shimo. Nilikaa ukingoni kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Maji yapo, matete yapo, kerengende wapo wengi kuliko zamani. Mayungiyungi yapo pia, meupe. Seremala alivua viatu akazunguka bwawa lote akinionyesha ua moja moja, mpaka lile la mwisho kabisa. Yote meupe.

Sijui yaliondoka mwaka gani. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ningekuwa nakwenda, au ningekuwa nasema siendi, mtu mwingine angekwenda kuangalia, na tungejua yalipoanza kupungua. Badala yake kila mwaka picha mpya ilipelekwa maktaba ya mtaa, ikatundikwa ukutani kwa muda kabla ya kurudi kabatini, watu wakaiona wakasema ah, bado yapo. Na ule mti wa kushoto, ambao nimeupaka miaka sita ukiwa na majani, ulianguka zamani. Umeoza, umeota uyoga. Mtu yeyote aliyepita pale angeweza kunicheka, na labda walinicheka.

Mwaka wa kwanza nilijiambia ni mara moja tu, goti litapona. Mwaka wa pili niliona aibu ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ikawa kazi. Sikuweza kukubali kuwa mtu wa ndani. Nilifundisha watoto wote wale kwamba mchoraji ni miguu kwanza, mkono baadaye, halafu miguu yangu ikanitoroka.

Hayo ni yangu. Sasa yako. Nimekasirika, Kifutio, na sitakuficha. Katika miaka yangu yote nilipata wanafunzi wanne au watano wenye jicho, na wewe ndiye wa kwanza. Nilikufundisha kuona. Ukaona, kwa dakika moja tu, ukafunga karatasi. Nilizituma zile picha kama mtu anayejipeleka polisi mwenyewe, na wewe ukanirudisha nyumbani ukanifungia mlango. Nimejiuliza ulijifunza kwa nani kunyamaza hivyo, na jibu nimelipata, wala halikunifurahisha.

Nimeiandikia kamati. Nimesema picha sita nilizichora jikoni, kwamba ua la buluu sikuliona Juni hii, na kwamba wewe uliyeapa ulidanganywa na mimi. Hilo la mwisho ni uongo wangu wa mwisho, nimeutia kwa ajili ya watoto wako. Nakala hii hapa. Barua yenyewe itaondoka Ijumaa. Kama una la kusema, una siku hizo.

Mwalimu wako

*

Tarehe 9 Julai

Shikamoo Mwalimu,

Sikukujibu kabla ya Ijumaa kwa sababu sikuwa na neno ambalo lisingekuwa la kukuomba unyamaze.

Leo kamati imekaa. Mwenyekiti alitaka kuisoma barua yako mwenyewe, nikaomba niisome mimi. Nilipofika pale uliposema nilidanganywa, nikasimama, nikawaambia sikudanganywa, niliona siku ile ile. Wakaandika.

Tumeshindwa, watatu kwa wawili. Malori yanaweza kuanza wakati wowote.

Kazi sijafukuzwa, nimeponea chupuchupu. Nimehamishiwa masjala, chumba cha chini, kupanga mafaili ya zamani. Hakuna dirisha, lakini kuna utulivu. Watoto wazima. Hakuna zaidi.

Picha zako kumi nitazirudisha kwa mkono wangu.

Kifutio

*

Tarehe 9 Julai

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimemwandikia Mwalimu barua fupi, lakini kuna jambo sikuliweka, na lisipotoka kifuani litaniua. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine anayelijua bwawa.

Kura zilikuwa watatu kwa wawili. Yule wa tatu aliyetukataa alikuwa mama mmoja mjumbe, mkunga mstaafu, mpole, mara zote mbili alikaa mwisho wa meza akifuma. Kikao kilipovunjika alinifuata kwenye ngazi, akanishika mkono. Akaniambia, "Binti yangu, mimi nilikuja Aprili nikiwa nimeshaamua kulipigia kura bwawa. Visima vya mtaa wa chini vinakunywa humo, na wale ndege nimewaona kwa macho yangu. Nilikuwa nimewashika wenzangu wawili. Sikuwa na haja ya ua, kamati inaweza kuzuia kwa kura zake tu, hata bila ile kanuni. Leo wao wameinua mikono, lakini mimi nitaaminije neno lolote lililosemwa kuhusu bwawa lile? Mkono wangu sikuweza kuuinua."

Shangazi, unaelewa? Zile nne za kweli zingetosha. Hata bila picha yoyote tungeshinda. Hakuna aliyetushinda ila zile sita, na mimi ndiye niliyezining'iniza ukutani.

Mwalimu anafikiri bwawa limekufa kwa sababu ua halipo. Muache afikiri hivyo. Ameshabeba vya kutosha na ni mzee. Nakuomba sana, kwa chochote unachokipenda, asiambiwe haya maneno ya mkunga. Ukimaliza kusoma, choma.

Kifutio wako

*

Tarehe 18 Julai

Kifutio mwanangu,

Malori yalianza Jumatatu. Yanapita mbele ya lango letu, na kila moja likipita vikombe vinagongana kabatini. Nimekaa langoni siku tatu na ubao wangu nikiyachora. Si kitu cha kupendeza kuchora, lori, lakini siku ya pili nilianza kuona kwamba tope linalodondoka nyuma yake lina rangi tatu. Shangazi yako ananiletea kiti halafu ananisema kwa nini nimekaa juani.

Nafurahi umesimama ukasema uliona. Nilipoisoma sehemu hiyo nililia, na sioni aibu kukuambia. Uongo wangu wa mwisho umenirudishia mwenyewe, ahsante. Ukizileta picha, zile sita usizifiche chini. Nitazipeleka maktaba zikae pamoja na nyingine, na pembeni, pale palipoandikwa "Mbele ya macho", nitaandika "Jikoni".

Sasa ile barua nyingine.

Shangazi yako wiki iliyopita alikalia miwani yake. Mpaka fundi alete vioo vipya, mimi ndiye ninayemsomea kila kitu, hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Barua zako zililetwa siku moja. Alinipa bahasha yake huku anamenya vitunguu, akasema, "Soma kwa sauti, na usinirukie maneno, nakujua."

Nikasoma. Nilipofika kwenye ngazi na yule mkunga, macho yalitangulia, yakayaona maneno kabla mdomo haujafika. Ningeweza kuruka. Ningesema anakusalimu, watoto wazima, amehamishiwa masjala, tukanywa chai yetu. Asingejua maisha yake yote. Mtu aliyeweza kupaka ua miaka sita hashindwi na mistari sita ya barua. Nilivuta pumzi nikasoma neno kwa neno: visima, ndege, wenzake wawili, mkono ambao haukuinuka. Ni mimi, basi. Si kampuni peke yake, wala si goti. Ingekuwa afadhali wangeniambia ni mwaka wa ukame.

Usijaribu kunipunguzia. Fungu langu nalijua lilipoishia na lako linapoanzia, na lako linakutosha.

Nilipomaliza maneno ya mkunga niliishusha barua. Shangazi yako aliweka kisu mezani, akauliza kama barua imeisha. Nikamwambia bado, kuna mahali anakuomba mimi nisiambiwe. Nikamsomea na hapo.

Mwalimu wako